Toa Kumi

Watu wa ofisini wana maneno yao: umri wa huduma. Meli yetu ya doria ilipotoka kiwandani, mtu fulani aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka aliandika kwamba umri wake wa huduma ni miaka ishirini na mitano, akapiga mhuri, akaenda kula. Sasa ilikuwa na miaka ishirini na saba na bado inakwenda, na makao makuu walilichukulia jambo hilo kama utovu wa nidhamu.

Mimi nilikuwa fundi mkuu wa mitambo ya meli hiyo. Nilipanda mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yangu kufuta mafuta sakafuni, na wanaume niliowakuta chini kule walinipa mwezi mmoja niwe nimekimbia. Wakaondoka wao, mmoja mmoja. Mimi nikabaki, nikaolewa nikiwa humo, nikazaa watoto wawili nikiwa humo. Si ndani yake, jamani, ingawa wa pili alikaribia. Mabaharia waliniita Mama Mitambo, na hata nahodha aliniita hivyo siku ambazo hakuwa na hasira.

Ilikuwa meli pekee tuliyokuwa nayo ya kwenda mbali. Boti ndogo za doria hufika pale mawimbi yanapoanza ukaidi, zikageuka. Sisi tulikuwa tunapapita, siku nne, siku tisa, mara moja siku ishirini na mbili, tukifukuza meli za uvuvi wa magendo ambazo majina yake yamefunikwa kwa turubai. Mwaka mmoja feri ilipinduka huko mbali, tukaokota watu sitini na mmoja kwa mchana mmoja. Nilikuwa chini na injini zangu, sikuona hata mmoja akitolewa majini. Nilichokiona ni maji yaliyochuruzika ngazini kutoka kwenye nguo zao. Tangu siku hiyo sikutaka kusikia mtu akisema "chuma chakavu" mbele yangu, awe na nyota ngapi begani.

Basi likaja agizo. Meli ipelekwe chelezoni ikatengenezwe, kisha tume ya ukaguzi iipande. Ikiweza kukimbia mwendo wake wote kwa saa sita mfululizo, itaongezewa miaka saba. Ikishindwa, itakatwa vipande. Meli ya kuchukua nafasi yake haikuwepo, wala hakuna aliyekuwa ameiagiza. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu, nikajifunga kibwebwe kwamba sitashuka ngazi ile nikiiacha meli inakwenda kukatwa.

Sasa nieleze habari ya kumi, maana bila hiyo hutanielewa. Maji yanayopoza injini yana kihisi, kijiti kinachozama ndani ya bomba kuonja joto, na joto hilo linasomeka kwenye geji yake ukutani, ambayo sisi tunaiita saa. Kihisi cha injini ya kulia kiliharibika miaka kumi na tisa iliyopita, kikawa kinaongeza nyuzi kumi. Maji yakiwa na themanini na tano, ukutani unasoma tisini na tano. Niliagiza kingine. Nikaagiza tena. Mara ya tatu nikajibiwa kwamba ombi langu la kwanza linashughulikiwa. Tukajifunza kuishi nacho kama mtu anavyoishi na shemeji anayetia chumvi kwenye kila habari: unamsikiliza, unapunguza, maisha yanaendelea.

King'ora cha joto nacho kilitegemea kihisi hichohicho, kikawa kinalia ovyo maji yakiwa salama kabisa. Kilitengenezwa kilie kwenye tisini na tano. Nikachukua bisibisi, nikakipandisha hadi mia na tano, pakawa na amani. Sikuandika popote. Niandike ya nini, na kila mtu alijua?

Kila aliyeletwa kufanya kazi chini kule, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo, nilimfundisha mwenyewe: injini ya kulia, toa kumi. Akisahau, namgonga vidole. Tulilizoea hilo mpaka likaingia kwenye damu. Baharia wetu mmoja alihamishiwa meli nyingine akaendelea kutoa kumi huko hadi akakemewa, na mwingine aliniapia kwamba alipopimwa uzito hospitalini alitoa kumi akampa daktari jibu. Tulicheka sana siku hiyo.

Chelezoni meli ilikaa miezi mitatu. Mafundi wa pale walikwangua kutu, wakabadilisha mabomba yote ya upande wa kulia, wakaacha kazi nzuri. Siku ya makabidhiano, msimamizi wao alinipa kitabu cha kurasa arobaini na tatu, kila walichokigusa kimeandikwa mstari wake. Tume ilikuwa inakuja kesho yake asubuhi. Nilikuwa na pampu inayovuja, rangi mbichi kwenye ngazi, na nahodha ananiita kila baada ya dakika tano. Nilisoma kurasa sita, nikafungua ya mwisho, nikatia sahihi.

"Husomi yote, Mama?" msimamizi akauliza.

"Meli hii niliijua wewe hujaota ndevu."

"Haya, Mama," akasema, akachukua nakala yake akaenda zake.

Tulitoka gatini saa moja asubuhi. Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye daftari dogo na adabu nyingi, aina ya mtu anayekusalimu vizuri huku anakuhesabia meno. Alishuka chini, akasimama pembeni, akaziba masikio. Kwenye zamu nilimweka mtu wangu bora, baharia mwenye sauti ya kushtua kuku, ambaye tulimwita Kipaza. Kazi yake ilikuwa kusoma joto kila robo saa, kulitangaza na kuliandika.

"Kushoto themanini na tano! Kulia sabini na tano!"

Sabini na tano! Injini ya kulia haijawahi kuwa baridi hivyo tangu nilipoijua. Nilimtazama Kipaza, akanyanyua dole gumba. Mabomba mapya, nikajisemea. Bibi kizee wetu amepona. Nilimwambia hata mkaguzi, kwa majivuno ambayo nikiyakumbuka natamani kujificha: "Afande, unaona injini inavyopumua?" Akaandika kwenye daftari lake.

Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kwenye saa ya nne joto la kulia likaanza kupanda. Kipaza akatangaza themanini na moja, kisha themanini na nane. Nilijua sababu. Tulikuwa tumepita kwenye takataka, na chujio la maji ya bahari lilikuwa linazibwa na plastiki. Hilo hutokea, na lina dawa: kuna chujio la pili, unageuza mkono wa vali, basi. Themanini na nane si ya kutisha. Nilimalizia kukaza nati niliyokuwa naikaza.

"Kulia tisini na tatu!"

Nikaweka spana chini nikaenda kwenye vali, kwa mwendo wa haraka lakini bila kukimbia, maana bado tulikuwa ndani ya mpaka. Sijafika, king'ora kikalia. Halafu mvuke ukafyatuka juu ya silinda ya nne, mweupe, kwa mlio ambao niliusikia hadi kwenye meno. Nikapiga kelele zima, zima, Kipaza akazima. Gasketi ya kichwa cha silinda, ile inayozuia maji na moto visitoke, ilikuwa imeungua. Tukarudi kwa injini moja, mwendo ambao mtu wa baiskeli angetupita akipiga mluzi.

Gatini mkaguzi alinishika mkono. "Fundi, umefanya kila linalowezekana. Meli imechoka tu. Kesho kutwa saa tatu tutakaa tuandike."

Ningependelea anitukane.

Asubuhi iliyofuata nilishuka na Kipaza kuifungua injini. Palikuwa kimya, taa mbili tu zinawaka. Niliinua macho kwenye saa ya joto ya kulia, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani bila haja ya kujua ni saa ngapi. Ilisema ishirini na tisa.

Nikatazama ya kushoto. Ishirini na tisa. Nikatazama kipimajoto cha chumba. Ishirini na tisa.

Injini ikipumzika hadi asubuhi, maji yake huwa na joto la chumba, hayana mahali pengine pa kwenda. Kwa miaka kumi na tisa, asubuhi kama hiyo, saa ya kulia ilikuwa inasema thelathini na tisa. Nilikwenda kwenye bomba nikapapasa: kihisi kilikuwa kipya, king'aavu, kimekazwa vizuri. Nikapanda ofisini nikafungua kitabu cha chelezo. Ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa nne: kihisi cha joto, injini ya kulia, kimebadilishwa. Chini yake, kurasa kumi na mbili mbele, sahihi yangu, imekaa kwa madaha.

Walikuwa wameniletea nilichokiomba mara tatu, na sisi tukaendelea kutoa kumi. Kipaza aliposema themanini na nane, maji yalikuwa tisini na nane. Aliposema tisini na tatu, yalikuwa mia na tatu. Na king'ora, ambacho kingepiga kelele mapema na kutuokoa, kilikuwa kinasubiri pale nilipokipandisha kwa mkono wangu. Injini ile ilikimbia zaidi ya saa tatu ikiwa nzima kabisa. Haikuchoka. Sisi ndio tulioiunguza.

Nilimweleza Kipaza. Alikaa kwenye ngazi, akashika tama.

"Mama, mimi ndiye niliyesoma," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkono wangu ndio ulioandika."

"Nani alikufundisha kutoa?"

Akainua macho akanitazama.

"Basi nyamaza."

"Hakuna anayejua ila sisi wawili," akasema. "Mama, umebakiza miezi mitano."

"Nimekwambia nyamaza."

Mume wangu ni fundi cherehani. Sebule yetu nusu ni ya wageni, nusu ni ya vyerehani viwili na marundo ya sare za shule. Jioni ile alikuwa anapinda marinda, sindano tatu mdomoni, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Alitoa sindano moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Nani amekuuliza?" akasema.

"Nini?"

"Nauliza, kuna mtu amekuuliza habari ya kumi? Wameshaamua meli imezeeka. Na kweli imezeeka, mke wangu. Hutasema uongo wowote. Utanyamaza tu, wataandika yao, miezi mitano itapita, utapigiwa saluti, utakuja nyumbani na heshima yako."

"Na meli?"

"Meli ni chuma."

Hapo nilipandwa na hasira nikasema maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia aende yeye huko mbali, siku feri nyingine itakapopinduka, akawaambie waliomo majini kwamba meli ilikuwa chuma. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Watakuvua kila kitu," akasema, na nikaona kwamba hakuwa ananibishia. Aliogopa. "Miaka ishirini na minne. Wewe unadhani watakuelewa, lakini hawa si watu wa kuelewa. Nimekusubiri muda wote huo urudi nyumbani, sitaki urudi umeinamisha kichwa."

Nami niliogopa. Niliitaka ile saluti, sioni haya kusema. Niliitaka sana. Nilikaa kwenye kigoda chake, tukakunja marinda pamoja hadi chakula kikaiva, na wakati wa kula nikamwambia nitasema. Alitikisa kichwa, akanimegea mkate.

Kikao kilikuwa kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya pili, meza ndefu, feni inayolalamika. Ripoti ilikuwa imeshachapwa. Mkaguzi aliisoma taratibu, na alipofika kwenye "injini ya kulia imefikia mwisho wa umri wake wa huduma," nikasimama bila kuombwa.

"Afande, hiyo si kweli."

Nahodha, aliyekaa kushoto kwa mkaguzi, alinikodolea macho. Nikasema yote: kihisi kibovu, kutoa kumi, king'ora, kurasa sita nilizosoma na thelathini na saba nilizozipita. Nilisema polepole kwa sababu nikiharakisha ningelia.

"Niambie kama nimekuelewa," akasema mkaguzi. "Kwa miaka kumi na tisa, meli ya jeshi imekuwa ikiandika joto la uongo?"

"Hapana, afande. Kwa miaka kumi na tisa tuliandika la kweli. La uongo tulilianza juzi."

Mmoja wa wajumbe alijikohoza. Mkaguzi hakucheka.

"Nani mwingine alijua kwamba king'ora kimepandishwa?"

"Nilikipandisha mimi."

"Sikuuliza hivyo. Aliyekuwa zamu alijua?"

"Aliyekuwa zamu alifanya kama nilivyomfundisha. Angefanya vingine ningemwadhibu. Andika jina langu peke yake."

"Fundi!" nahodha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa. "Unajua unachokifanya?"

"Najua, afande. Naomba mje muone. King'ora bado kiko kwenye mia na tano, hakuna aliyekigusa. Chukueni kihisi, kitumbukizeni kwenye maji yanayochemka, msome wenyewe ukutani. Kisha wekeni gasketi mpya muikimbize tena. Ikishindwa, ikateni, na mimi mnikate pamoja nayo."

Walikuja. Sufuria ya maji ililetwa kutoka jikoni kwa mpishi, kihisi kikazamishwa, na saa ya kulia ikasema mia kamili. Mkaguzi aliitazama kwa muda mrefu, akakitazama king'ora, akafungua daftari lake akakata ukurasa mzima kwa mstari mmoja. Jaribio lingerudiwa baada ya wiki tatu. Na mimi, kuanzia saa ileile, nisikanyage meli ile tena. Miezi mitano yangu nitaimalizia nyumbani, na kwenye faili langu itawekwa barua ambayo mtoto yeyote asingependa kuisoma kuhusu mama yake. Unga ulikuwa umemwagika. Nahodha alinyoosha mkono kudai funguo za chumba cha mitambo, nikampa.

Niliomba dakika kumi na watu wangu. Mkaguzi akanipa tano, gatini, si ndani. Wakaja wote saba, wakajipanga bila kuamriwa. Nilikuwa nimepanga kuwaambia mengi.

"Injini ya kulia," nikasema, "msitoe kitu. Mnasoma kilichopo, mnaandika kilichopo. Nilichowafundisha kimekwisha. King'ora kishushwe leo hii kabla hamjala, na kiandikwe. Kila mtakachogeuza na bisibisi, kiandikwe. Na mkiletewa kitabu, mkisome hadi mwisho, hata kama rais anasubiri mlangoni."

"Sawa, Mama," wakasema. Kipaza alikuwa analia waziwazi, liume zima, na hakuna aliyemcheka.

Siku ya jaribio la pili nilisimama nje ya uzio wa bandari, upande wa barabara, kwa sababu sikuwa tena na kitambulisho cha kunipitisha. Mume wangu alifunga kazi akaja nami, akaleta mwavuli na chai kwenye chupa. Meli iliondoka saa moja. Saa sita za kukimbia, ongeza za kwenda na kurudi. Nilikuwa nimezihesabu hata kabla sijatoka kitandani. Sikunywa chai. Mume wangu alijaribu kunisimulia habari za mteja aliyenenepa katikati ya kupima na kuvaa, nikacheka mahali pasipostahili, akaacha. Saa kumi kasoro dakika chache meli ikatokea kwenye mlango wa bandari, na nikatazama nyuma yake. Povu lilikuwa pande mbili. Injini zote mbili.

Nilishika waya za uzio kwa mikono miwili.

Baadaye nahodha alikuja kwa miguu hadi kwenye uzio, kofia mkononi. Tulisimama hivyo, yeye ndani, mimi nje.

"Miaka saba," akasema. "Wameshatia sahihi."

"Ahsante, afande."

"Ungesoma kile kitabu, Mama Mitambo, leo ungekuwa chini pale."

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe."

"Una haki, afande."

Akavaa kofia akarudi gatini. Mume wangu akakunja mwavuli.

"Twende nyumbani," akasema. "Umechoka."

"Subiri wazime."

Tukasubiri. Kamba zikafungwa, moja mbele, moja nyuma, na kelele za injini zikaendelea kwa dakika kumi nzima, mwendo wa taratibu, zikipoa. Mtu asiye na subira angezima mara tu meli inapofungwa. Kisha wakazima ya kushoto kwanza, wakangoja kidogo, ndipo wakazima ya kulia, kama nilivyowafundisha.